Walijuaje nyuzi zile nyeupe ni za urithi, na si protini tu?

Swali: "Ninafundisha bayolojia Kidato cha Nne katika shule iliyo nje kidogo ya Kisumu. Tulitoa DNA kwenye ndizi kwa sabuni, chumvi na spiriti. Nyuzi nyeupe zilionekana, lakini mwanafunzi mmoja akauliza: nani alihakikisha kwamba urithi umo ndani ya nyuzi hizi na si kwenye protini? Na kama hata darubini ya shule haiioni DNA, walijuaje kwamba ni nyuzi mbili zilizosokotana? Nilimpa majina na miaka, nikaona hakuridhika. Naomba maelezo ninayoweza kuyaonyesha darasani."

Jibu:

Mwalimu, mwanafunzi huyo ana haki ya kutoridhika, maana majina na miaka havithibitishi kitu. Shaka aliyonayo ndiyo iliyowashughulisha wanasayansi kuanzia 1869 hadi 1952. Kilichomo ndani ya glasi ni mchanganyiko, na huwezi kusema kazi ya urithi inafanywa na hiki mpaka uwe umekiondoa kile ukaona kama kazi bado inaendelea. Basi tuanzie kwenye glasi yako, ndipo twende New York na London.

Kwanza kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi: nyuzi za ndizi si DNA tupu. Ndizi mbivu ina pektini, ile inayogandisha jemu, nayo pektini hujitenga na maji ikikutana na spiriti kama DNA inavyofanya. Ukipata utelezi mwingi kama kamasi, umeelea na kushika mapovu, sehemu yake kubwa huenda ikawa pektini, pamoja na RNA (ndugu wa karibu wa DNA) na mabaki ya protini. DNA imo, lakini haiko peke yake. Kwa hiyo swali la mwanafunzi wako lilikuwa na haki hata kabla ya kufika kwenye historia.

Ningekushauri uache ndizi, utumie maini mabichi ya kuku. Hayana pektini, na yamejaa seli. Ninyi mlio karibu na ziwa mna kitu bora zaidi: mfuko wa mbegu wa samaki dume. Wanaopasua mbuta (sangara) pale ufukweni Dunga hutoa matumbo na kuyaweka kando. Omba ule mfuko mweupe kama maziwa wa dume aliyekomaa, usichanganye na mayai, ambayo huwa ya manjano na yana chembechembe. Mbegu ya kiume ni kama kichwa kilichoshindiliwa DNA na mkia wa kukisukuma, kwa hiyo nyuzi utakazopata zitakuwa nyingi kuliko za ndizi.

Pima gramu 50 za maini au za mfuko huo. Katakata, weka kwenye kinu cha maabara na mililita 100 za maji baridi, uponde kwa dakika 2. Usitumie blenda kwa muda mrefu, kwa sababu DNA ni ndefu mno na nyembamba mno, visu huikata vipande vifupi visivyoweza kusokotwa kwenye kijiti. Chuja kwa chujio la chai. Kwenye maji yaliyochujwa tia gramu 3 za chumvi, yaani nusu kijiko cha chai, na vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Koroga polepole ili povu lisipande, halafu acha kwa dakika 10. Sabuni huyeyusha tando za mafuta zinazoizunguka seli na kiini chake. Chumvi kazi yake ni nyingine: uti wa DNA una fosfeti zenye chaji hasi, na chaji hizo husukumana. Sodiamu ya chumvi huzituliza, ndipo nyuzi ziweze kukusanyika.

Sasa chuja tena kwa kitambaa safi, uchukue mililita 20 tu. Spiriti iwe imekaa kwenye barafu nusu saa nzima. Barafu ya wafanyabiashara wa samaki inatosha, maadam chupa imefungwa vizuri. Inamisha glasi, mimina mililita 20 za spiriti taratibu ikiteremka ukutani, ili ikae juu kama tabaka la pili. Subiri dakika 5 bila kuigusa. Kwenye mpaka wa matabaka hayo mawili utaona kwanza ukungu, kisha nyuzi zinazopanda. Zungusha kijiti upande mmoja tu, zitajiviringisha.

Kuna mahali panapoharibika mara kwa mara. Sabuni ya kipande haifai kabisa: chumvi huifanya igande mabonge meupe, na darasa zima hushangilia mabonge ya sabuni likidhani ni DNA. Spiriti ya asilimia 70 hufanya kazi kwa shida, kwa sababu ikikutana na maji yako hupungua nguvu zaidi, kwa hiyo soma lebo utafute iliyo karibu na 95. Spiriti ikimiminwa kwa pupa matabaka huchanganyika, usipate nyuzi bali wingu. Na maini yaliyokaa juani tangu asubuhi huwa yamekwisha kuharibika: seli zina vimeng'enya vya kukata DNA, navyo huanza kazi mara tu mnyama anapokufa.

Weka pia glasi ya pili isiyo na maini, yenye maji, chumvi, sabuni na spiriti tu. Bila glasi hiyo huwezi kumwambia mwanafunzi kwamba alichokiona hakikutoka kwenye sabuni. Ya tatu iwe na mchanganyiko wa maini pamoja na juisi ya nanasi bichi, kijiko kimoja cha chai kwa kila mililita 50, uiache dakika 10 kabla ya kumimina spiriti. Nanasi lina kimeng'enya kinachokata protini, sawa na papai bichi ambalo mapishi mengi hulitumia kulainisha nyama ngumu. Juisi ya pakiti haifai, imepashwa moto kiwandani na kimeng'enya kimekufa. Kama nyuzi zingekuwa protini, glasi ya tatu ingebaki tupu au karibu na tupu. Haibaki tupu.

Hapo ndipo historia inapoanza, kwa jaribio linalofanana na hilo la nanasi. Mwaka 1869 Friedrich Miescher, Mswisi, alikuwa akifanya kazi kwenye maabara iliyokuwa ndani ya ngome ya Tübingen, Ujerumani. Alipewa bendeji zilizotumika za wagonjwa wenye vidonda, akaosha usaha uliokuwa juu yake ili apate seli nyeupe za damu. Kuondoa protini alitumia pepsini aliyoitoa kwenye tumbo la nguruwe. Protini ilimeng'enywa, viini vikabaki, na kutoka kwenye viini hivyo akapata kitu chenye fosforasi nyingi isivyo kawaida kwa protini. Akakiita nukleini, kwa maana ya kitu cha kiini. Mwalimu wake, Hoppe-Seyler, alirudia kazi yote mwenyewe kabla ya kukubali ichapishwe mwaka 1871. Baadaye, akiwa Basel, Miescher alihamia kwenye mbegu za samaki aina ya samoni wa mto Rhine, kwa sababu ile ile inayokufanya wewe uende Dunga.

Miaka mingi ikapita bila watu kuipa DNA uzito. Sababu yao haikuwa ya kijinga. Protini hujengwa kwa aina 20 za asidi amino, DNA kwa besi 4 tu: adenini, thaimini, guanini na sitosini. Phoebus Levene wa New York, aliyetambua sukari iliyomo ndani ya DNA, aliamini besi hizo zinajirudia kwa mpango uleule mmoja, na kitu kinachojirudia hivyo hakiwezi kubeba habari. Mwambie mwanafunzi wako kwamba kuegemea protini, kwa ushahidi waliokuwa nao wakati ule, kulikuwa na mantiki.

Mambo yaligeuka kwa bakteria wa homa ya mapafu. Mwaka 1928 Frederick Griffith wa London alikuwa na aina mbili: laini, iliyovaa ganda la sukari na inayoua panya, na ya mikwaruzo, isiyo na ganda na isiyoua. Laini waliouawa kwa joto hawakumdhuru panya. Akawachanganya hao wafu na wale wa mikwaruzo walio hai, panya wakafa, na ndani ya damu yao akakuta bakteria laini walio hai. Kitu fulani kilitoka kwa wafu kikawageuza walio hai, na uzao wao ukaendelea kuwa laini. Griffith hakujua ni kitu gani.

Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty wa Taasisi ya Rockefeller, New York, ndio waliokwenda kukitafuta, wakachapisha majibu mwaka 1944. Jaribio lao ndilo ningependa ukae nalo darasani kuliko mengine yote, maana ni kama la kwenu. Walikuza bakteria kwa lita hadi 75 kwa mara moja, wakawaua kwa nyuzi 65 za Selsiasi. Wakavunja seli kwa chumvi ya nyongo, ambayo hufanya kazi kama sabuni. Wakaondoa protini kwa kutikisa na klorofomu. Ganda la sukari wakalimeng'enya kwa kimeng'enya chake. Halafu wakatia alkoholi kidogo kidogo wakikoroga, na ilipokaribia ujazo sawa na wa maji, nyuzi nyeupe zikatokea na kujiviringisha kwenye kijiti cha kukorogea. Lita 75 zote zikawapa miligramu 10 hadi 25 tu.

Nyuzi hizo zilikuwa na uwezo wa kuwageuza bakteria wa mikwaruzo kuwa laini. Sasa wakaanza kuondoa. Wakatia vimeng'enya vya kukata protini: uwezo ukabaki. Wakatia cha kukata RNA: ukabaki. Wakatia maji ya tishu yenye kimeng'enya cha kukata DNA: uwezo ukapotea kabisa. Tena kiasi cha mikrogramu 0.003 kilitosha kuleta mabadiliko. Ukimweleza mwanafunzi wako hapo, amejibiwa.

Hata hivyo, wapo waliobaki na shaka. Alfred Mirsky, wa taasisi hiyohiyo, alisema kwamba hata protini ya asilimia 1 au 2 iliyojificha inaweza kuwa ndiyo inayofanya kazi. Pingamizi hilo lilikuwa la haki, ni lile lile la pektini kwenye ndizi. Lakini huwezi kulitumia bila mwisho: kama kimeng'enya cha protini hakipunguzi kitu na cha DNA kinamaliza kila kitu, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwenye shaka.

Mwaka 1952 Alfred Hershey na Martha Chase, huko Cold Spring Harbor, Marekani, walilitazama jambo kwa njia nyingine. Kuna virusi vinavyoshambulia bakteria wa utumbo, E. koli. Virusi hivyo ni protini na DNA tu. Protini ina salfa, DNA haina. DNA ina fosforasi, na ganda la virusi hivyo halina. Wakatia salfa nururifu kwenye kundi moja na fosforasi nururifu kwenye lingine, wakaviacha virusi vishike bakteria, kisha wakawatikisa kwenye blenda ya kawaida ya jikoni ili maganda yaliyobaki nje yang'oke. Salfa, kiasi cha asilimia 80, ikang'oka. Fosforasi nyingi ikabaki ndani, na virusi wapya waliozaliwa walikuwa na takriban asilimia 30 ya fosforasi ya wazazi, lakini salfa chini ya asilimia 1. Ukiangalia usafi wa kazi, jaribio la Avery lilikuwa safi zaidi. Hili la blenda ndilo lililowashawishi wengi. Avery alifariki mwaka 1955 bila kupewa Tuzo ya Nobel, na hilo naliona ni pengo kubwa katika orodha ya tuzo hizo.

Nikiwa bado hapo, mwanafunzi anaweza kuuliza kama DNA nyingi ndiyo akili nyingi. Kamongo wa ziwa lenu ni miongoni mwa wanyama wenye DNA nyingi kabisa kwa kila seli, zaidi ya mara 10 ya mwanadamu. Wingi wa uzi haukuambii wingi wa jeni.

Tuje kwenye umbo. DNA haikupigwa picha kama unavyompiga mtu picha kwa kamera. Ilimulikwa kwa eksirei, na kilichonaswa ni namna miale ilivyotawanyika. Hili unaweza kulionyesha kwa kalamu. Fungua kalamu ya kubonyeza, toa springi yake. Tafuta tochi ya leza nyekundu, zile ndogo zinazouzwa mitaani. Funga chumba kiwe giza, shikilia springi wima kwa kibano, elekeza mwale katikati yake, na ukuta uwe umbali wa mita 5 au zaidi. Mwale usielekee macho ya mtu yeyote, wala usiuelekeze kwenye kioo. Ukutani utaona mistari miwili ya mwanga iliyokatana kama herufi X. Ukitazama springi kwa ubavu, waya wa mbele unaegemea upande huu na wa nyuma upande ule, na kila mwegemeo hutawanya mwanga kwenye mstari unaoukata kwa pembe ya digrii 90. Ndiyo maana mistari ni miwili. Ivute springi kidogo, mikono ya X itafunguka. Waya ulionyooka hautoi X.

Sasa waonyeshe picha maarufu nambari 51. Ilipigwa Mei 1952 katika King's College, London, na Raymond Gosling akiwa chini ya Rosalind Franklin, uzi mmoja mwembamba wa DNA ukimulikwa kwa zaidi ya saa 60. Siri ya Franklin ilikuwa maji. Aligundua kwamba DNA ina sura mbili kulingana na unyevu wa hewa: ikikauka hujikunja kuwa fupi na nene, ikilowa hurefuka, na waliomtangulia walikuwa wakizipiga picha sura zote mbili kwa pamoja bila kujua. Alipozitenganisha, X ikatokea wazi. Kutokana na nafasi za madoa walipima mambo haya: msokoto mmoja mzima una nanomita 3.4, na hatua moja ya ngazi, yaani kutoka besi hadi besi inayofuata, nanomita 0.34, kwa hiyo kuna hatua 10 kwa kila mzunguko. Mstari wa nne wa madoa haupo, na kukosekana kwake ni dalili ya nyuzi mbili zisizoachana kwa nafasi sawa. Na kwa kuwa DNA ilinyonya maji kwa urahisi vile, Franklin alisema fosfeti lazima ziko nje, zinapoguswa na maji.

James Watson na Francis Crick wa Cambridge walikuwa wamejenga modeli mwishoni mwa 1951 yenye nyuzi 3 na fosfeti ndani, na Franklin aliikataa papo hapo. Linus Pauling, bingwa wa kemia wa Marekani, naye alichapisha yake ya nyuzi 3 mapema 1953, na ilikuwa na kosa hilohilo. Januari 1953 Maurice Wilkins, mwenzake Franklin wa King's College, alimwonyesha Watson picha ya 51 bila Franklin kujua, na vipimo vyake vikawafikia pia kupitia ripoti ya King's College. Humo Crick aliona kwamba nyuzi mbili zinakwenda pande tofauti, moja ikipanda, nyingine ikishuka.

Kilichobaki ni besi. Mkemia Erwin Chargaff alikuwa amepima: adenini hulingana na thaimini, guanini na sitosini, ingawa kiasi hubadilika toka kiumbe hadi kiumbe. Kwa mwanadamu ni takriban 30, 30, 20 na 20 kwa mia. Kwa mahindi ni karibu 27, 27, 23 na 23. Hapo wazo la Levene lilikufa, maana kama mpango ungekuwa mmoja zote zingekuwa 25 kwa kila kiumbe. Watson alikuwa akikata vipande vya kadibodi vyenye maumbo ya besi, na havikushikana mpaka mkemia Jerry Donohue alipomwambia kwamba mahali pa haidrojeni kwenye vitabu vya kiada palikosewa. Asubuhi ya Februari 28, 1953, kipande cha A na T kililingana upana na kile cha G na C. Makala matatu yalitoka pamoja kwenye jarida la Nature Aprili 25, moja la Watson na Crick, moja la Wilkins na wenzake, moja la Franklin na Gosling. Franklin alifariki 1958 akiwa na miaka 37. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1962 ilikwenda kwa wanaume watatu, Crick, Watson na Wilkins.

Wajengee wanafunzi modeli yenye vipimo vya kweli, kwa kanuni ya sentimita 1 kwa kila nanomita 0.1. Upana uwe sentimita 20, hatua hadi hatua 3.4, na kila hatua igeuke digrii 36 kutoka ile ya chini yake, ili mzunguko ukamilike kwenye sentimita 34. Nyaya mbili za kufungia ua na vijiti vya kadibodi vinatosha. Wape vipande vya A na G viwe virefu, T na C vifupi, uwaache wajaribu kuoanisha A na G wenyewe: nyaya zitapanuka. T na C zitavutana ndani. Ni A na T, au G na C, ndizo zinazoacha nyaya sambamba. Chora mishale kwenye nyaya, mmoja juu, mwingine chini. Mwisho kagua mwelekeo wa msokoto kwa kuulinganisha na skrubu ya kawaida iliyosimamishwa wima: waya ulio mbele yako upande kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Mabango mengi ya ukutani yamechorwa kinyume cha hapo, kwa hiyo kagua na lile la darasani kwako.